Jua la saa saba na kaktasi zako: neti, bati la plastiki, mti, dirisha au kuzizoesha?

Kaktasi yangu kubwa kuliko zote, ile ya mviringo yenye miiba ya njano, ina kovu upande wa magharibi, kubwa kama kiganja changu, kahawia kavu kama gamba la mti. Lilipatikana kwa siku nne tu. Niliinunua kwenye kitalu kimoja kando ya barabara mwezi wa pili, kile kiangazi cha Kampala ambacho hata mbwa hatoki kivulini, nikaileta nyumbani Kireka nikaiweka juu ya paveri katikati ya kampaundi, maana nilijua kama wengi wanavyojua, kaktasi ni mmea wa jangwani na jua ndo chakula chake. Siku ya pili ikapauka, siku ya nne upande mmoja ukawa mweupe kama umemwagiwa maji ya moto. Leo ni miaka mitano, mmea uko hai na unakua vizuri, ila kovu liko pale pale na halitatoka, ngozi ya kaktasi ikishaungua hairudi.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila njia ya kuzikinga, zingine nimeziacha, zingine ninazo mpaka leo. Na watu wananiuliza swali lile lile, ninunue neti au niziweke tu chini ya mti? Au nizibakize ndani? Jibu linategemea unaishi wapi, nyumba ni yako au ya kupanga, una vyungu vitatu au sitini, na kaktasi zenyewe ni za aina gani. Ndo maana nimeamua kuziweka njia zote tano hapa pamoja uone mwenyewe.

Kabla ya kuchagua, ujue unajikinga na nini

Kwanza saa. Saa zetu ni zile zile za watu wa Mombasa na Dar lakini tuko magharibi zaidi yao, kwa hiyo Kampala jua halifiki utosini saa sita kamili, linafika karibu saa saba kasoro dakika kumi, miezi mingine linasogea mbele au nyuma kama robo saa hivi. Hilo ni jambo dogo lakini limeunguza mimea mingi, manake mtu anaondoa kivuli saa nane akidhani jua limeshashuka, kumbe limetoka utosini saa moja tu iliyopita. Saa za kuogopa ni kuanzia saa tano mpaka saa tisa unusu, na ukiwa na ukuta unaotazama magharibi ongeza mpaka saa kumi na moja.

Pili, tuko juu ya ikweta kabisa, mstari unakatiza pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, na jua linapita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 20 Machi na karibu tarehe 22 Septemba. Kutoka Machi mpaka Septemba jua la mchana linaegemea kaskazini, kutoka Septemba mpaka Machi linaegemea kusini. Sasa ukisoma ushauri wa Ulaya au Marekani kwamba dirisha la kusini ndo lenye jua, huo ni wa kwao, sisi kusini na kaskazini zinapokezana. Kisichobadilika kwetu ni mashariki na magharibi. Halafu Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Kabale inakaribia 2,000, na kadiri unavyopanda mionzi ya jua inakuwa mikali hata kama hewa ni baridi, mtu wa Kabale amevaa sweta na kaktasi yake inaungua.

Tatu, mmea wenyewe. Kaktasi inafungua vitundu vya ngozi yake usiku kuvuta hewa, mchana inavifunga ili isipoteze maji. Ni akili nzuri sana ya kuishi jangwani lakini maana yake mchana haitoi jasho la kujipoza kama muhogo au mgomba unavyofanya, yaani joto likiingia kwenye ile nyama iliyojaa maji linakaa humo. Weka paveri chini, ukuta mweupe nyuma na chungu cheusi cha plastiki, unapika mmea kutoka pande tatu.

Na nne, ambayo kwangu ndo kubwa kuliko zote, ni ughafla. Kaktasi nyingi tunazonunua zimelelewa chini ya neti kitaluni tangu zikiwa za kidole, halafu siku moja zinapanda boda zinaletwa kwenye jua la wazi. Au zimekaa chini ya mawingu ya mwezi wa nne wiki tatu mfululizo, ghafla mvua inakatika na jua linatoka limeoshwa, linawaka. Mmea ule ule ukipewa jua lile lile kidogo kidogo ungevumilia.

Dalili nazo watu wanazichanganya. Kuungua kunaanzia upande mmoja, ule unaotazama jua, kwa kupauka weupe au unjano, halafu panakuwa kahawia pagumu. Ukiona ukahawia unapanda polepole kutoka chini kwenye udongo kuzunguka pande zote, huo ni uzee, achana nao. Vidoa kama kutu vikianzia juu panapochipua, tafuta utitiri. Panapobonyea na kutoa maji ni kuoza. Wekundu au zambarau kwa mbali, mmea unajikinga wenyewe, bado haujaungua lakini umeshakuambia. Na kivuli kikizidi nacho kina alama yake, kaktasi inarefuka haraka, inakuwa nyembamba juu kuliko chini, rangi inafifia, na umbo hilo halirudi tena hata ukiipa jua baadaye.

Jambo lingine la haraka, mingi ya mimea inayouzwa kwa jina la kaktasi barabarani ni euforbia, ndugu za ile miti mikubwa ya euforbia unayoiona ukipita mbuga ya Queen Elizabeth. Ikichubuka ikatoa maziwa meupe, mara nyingi si kaktasi, ingawa zipo kaktasi chache zenye utomvu kama huo. Hizo nyingi zinapenda jua kali na hazihitaji haya yote, ila utomvu wake usikuingie machoni, ni hatari kwelikweli.

Ninavyozipima

Kila njia nimeiuliza mambo manne: inapunguza jua kiasi gani na saa zipi, inafanya nini na mvua na hewa, inakula pesa na jasho kiasi gani, na inamfaa nani. Mvua nimeiweka makusudi. Jangwa la Sonora kule Mexico na Marekani ambako kaktasi nyingi zimetoka, sehemu nyingi hazipati milimita 400 za mvua kwa mwaka. Kampala inapita 1,000. Kwa hiyo ukiweka kivuli kinachozuia jua lakini hakizuii mvua, udongo haukauki, unaokoa ngozi unapoteza mizizi. Wauzaji wengi wa neti hawatakuambia hilo.

1. Neti ya kivuli

Jua. Madukani ukisema shedi neti wanakuelewa, na inauzwa kwa asilimia: ya 30 inakata asilimia 30 ya mwanga, ya 50 inakata nusu, na kuna za 75 na 80. Kwa kaktasi zinazopenda jua chukua 30, kwa mchanganyiko wa aina nyingi chukua 50. Ile ya 80 ni ya mimea ya msituni, ukiiweka juu ya kaktasi za jangwani baada ya miezi michache zitaanza kurefuka shingo. Mimi napendelea nyeusi kuliko ya kijani kwa sababu nyeusi inapunguza mwanga wote sawasawa, ila nyeusi inashika joto, kwa hiyo iinue, mita mbili au zaidi kutoka ardhini, isilale juu ya mimea kabisa. Na usisahau pembeni. Nilifunga ya kwanza juu tu kama mwavuli, nikafurahi, kumbe kuanzia saa tisa jua lilikuwa linaingia kwa chini upande wa magharibi kama hakuna kitu. Sasa imeshuka upande huo mpaka usawa wa kiuno.

Mvua na hewa. Hewa inapita vizuri sana, hapa neti inazishinda zote. Mvua nayo inapita vizuri sana, na hapo ndo tatizo. Inavunja nguvu ya matone na ya mvua ya mawe, lakini maji yote yanafika chunguni. Ukitumia neti peke yake basi udongo wako lazima uwe wa kupitisha maji haraka, mchanga mkavu wa chengachenga na kokoto nyingi, na vyungu viwe na matundu ya kweli, sio kimoja cha msumari.

Pesa na jasho. Inauzwa kwa mita kwenye maduka ya pembejeo, kule Container Village pale Nakivubo utaipata, na huhitaji mengi zaidi ya nguzo nne za mkaratusi, waya na mchana mmoja wa kazi. Uliza kama imewekwa dawa ya kuhimili jua, isiyo na dawa inakauka na kuchanika mapema. Ile tufani inayokuja kabla ya mvua inaweza kuibeba, kwa hiyo usifunge kwa kamba za manila za kawaida ambazo zenyewe jua linazila, tumia waya.

Inamfaa mwenye vyungu vingi na kampaundi yake, na anayeuza mimea. Pia wanaolima yale matunda ya dragoni, manake nayo ni kaktasi, na mashina yake yanageuka njano na kuungua jua likizidi, hasa miche michanga. Haimfai sana mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki kuona nguzo.

2. Bati la plastiki linalopitisha mwanga

Jua. Hapa kuna mtego. Bati lile angavu kabisa linapitisha mwanga mwingi mno, mtu anaona paa anadhani amekinga. Yale ya polikaboneti yanazuia karibu mionzi yote ya urujuanimno, hiyo ni faida ya kweli, lakini mwanga na joto vinapita, na chini yake panaweza kuwa na joto kuliko nje. Chagua lenye rangi ya maziwa, au chukua angavu halafu weka neti ya asilimia 30 juu yake. Hiyo ya pamoja ndo niliyonayo mimi sasa kwa kaktasi zangu za mviringo, na tangu nimeiweka sijapata kovu jipya.

Mvua na hewa. Linazuia mvua, na kwa nchi kama yetu hilo peke yake linaweza kukufanya ulichague. Wewe ndo unaamua maji yanafika lini. Wakati majirani zangu wanatupa kaktasi zilizooza mwezi wa tano, zangu ziko kavu. Lakini hewa, hewa, hewa. Usizibe pembeni kwa kaveera, yaani karatasi ya plastiki, ukidhani unajenga nyumba ya kisasa ya mimea. Acha pande zote wazi, paa liinuke mita mbili na nusu, liwe na mteremko ili maji yatoke na joto lipate pa kutokea.

Pesa na jasho. Hii ndo ghali kuliko zote tano. Unahitaji fundi, mbao au mabomba, misumari yenye mpira, na kila baada ya miezi michache kulisafisha maana vumbi la kiangazi linalifunika halafu mvua ikija ukijani unaota juu yake, siku moja unagundua mimea inakosa mwanga na hukuelewa kwa nini.

Inamfaa mtu mwenye nyumba yake, mwenye mimea ya thamani au ya muda mrefu, anayeishi sehemu za mvua nyingi kama huku karibu na ziwa, Kampala, Entebbe, Jinja, au kule Fort Portal. Mtu wa Moroto au Kotido, sioni kwa nini atumie pesa hizo.

3. Kivuli cha mti

Hii watu wanaidharau na mimi naipenda, kwa sababu ndivyo kaktasi zenyewe zinavyokua kwao. Zile saguaro kubwa za Arizona, zinazorefuka kuliko nyumba, nyingi zimeota chini ya mti mwingine, palo verde mara nyingi, mti ule unaikinga mche na jua na baridi kwa miaka mingi mpaka iwe na nguvu ya kusimama yenyewe. Yaani hata huko jangwani mtoto wa kaktasi ana mlezi. Ukikumbuka hilo hutamweka mche wa kidole gumba kwenye jua la saa saba tena.

Jua. Kila kitu kinategemea mti. Unataka majani madogo madogo yanayoacha vidoa vya jua vitembee, mlonge ni mzuri sana, jakaranda mzuri, ule mti wa ngazi ngazi wenye matawi ya ghorofa uliojaa kwenye kampaundi za Kampala nao mzuri ukiwa mkubwa, kaa pembeni ya matawi upande wa mashariki ili mmea upate jua la asubuhi na kivuli mchana. Mwembe, mparachichi, mfenesi, hapana, kivuli chake ni kizito mno, kaktasi itasinzia hapo na kukonda. Na angalia miti inayopukutisha kiangazi, ikitupa majani inakuachia mimea wazi wakati ule ule jua ni kali kuliko miezi yote.

Mvua na hewa. Hewa safi. Mvua inafika, na matone makubwa ya kwenye majani yanaendelea kudondoka hata mvua ikiisha. Majani yanakwama kati ya miiba yanaoza, inabidi uyatoe kwa brashi au kibano. Chunguza pia vile vidudu vyeupe kama pamba, sisimizi huwa wanavihamisha kutoka mtini kuja kwenye mimea.

Pesa na jasho. Bure, kama mti upo. Fenesi na maparachichi yanaweza kuanguka yakavunja chungu na mmea wake. Na kama uko Kampala tazama juu kwanza, mti wenye viota vya kaloli, wale korongo wakubwa wa mjini, usiweke kitu chini yake, kinyesi cha wale ndege ni kingi na kinaichafua ngozi ya mmea vibaya.

Inamfaa mwenye kiwanja chenye miti, watu wa vijijini, shule, misikiti na makanisa yenye bustani. Na inazifaa hasa kaktasi za msituni, kwa mfano ile ya Krismasi ambayo asili yake ni misitu ya kusini mashariki mwa Brazil inakoota juu ya miti, hiyo unaweza kuining'iniza kabisa kwenye tawi, tena yenyewe hata kivuli kizito kidogo inavumilia.

4. Baraza na dirishani

Jua. Dirisha la mashariki ni zuri, jua la asubuhi linaingia laini mpaka saa nne hivi halafu linaondoka. La magharibi ni kali, weka pazia jepesi la neti, lile lile ambalo nyumba nyingi zetu zinalo tayari, lifunge kuanzia saa saba. La kaskazini litakushangaza mwezi wa sita, la kusini mwezi wa kumi na mbili. Baraza nalo lipime kwa macho yako, paa likiwa mita 2.5 juu, kwenye siku zenyewe za mwisho wa mwezi wa sita jua la mchana linaweza kuingia zaidi ya mita moja ndani ya baraza la kaskazini, kwa hiyo chungu kilichokuwa kivulini Machi sasa kiko juani na hukukigusa. Dirishani usiache mmea uguse kioo, kioo cha mchana kinaunguza.

Mvua na hewa. Mvua hakuna kabisa ndani, barazani ni ile ya upepo tu. Hewa barazani nzuri, ndani ni kidogo, kwa hiyo mwagilia kwa kujinyima.

Pesa na jasho. Karibu bure. Jasho ni la kukumbuka, kila siku kufunga na kufungua pazia, na kuzungusha chungu robo kila wiki kama mwanga unatoka upande mmoja ili mmea usiiname. Tahadhari moja hapa, mmea wa nje ulioshazoea jua upande mmoja USIUZUNGUSHE, ule upande wa nyuma haujakomaa, ukiugeuza ghafla unauunguza. Kuzungusha ni kwa mwanga wa kuchuja tu. Hilo nimelisema kwa watu wengi na bado linakosewa kila kiangazi.

Inamfaa mpangaji, mtu wa muzigo, yaani chumba cha kupanga chenye mlango mmoja na dirisha moja, mtu wa ghorofani. Na inazifaa kuliko zote zile ndogo zenye kichwa chekundu au cha njano kilichobebeshwa juu ya shina la kijani. Kile kichwa hakina ule ukijani wa kujitengenezea chakula wala wa kujikinga, kinaishi kwa kulishwa na shina la chini, ukikitoa jua la wazi kinaharibika upesi sana. Zisizofaa ndani ni zile ndefu za nguzo na mpungate, zitakonda tu.

5. Kuzizoesha polepole, bila kivuli chochote

Jua. Hapa hukati jua, unabadilisha mmea. Wiki ya kwanza ipe jua la asubuhi mpaka saa tatu halafu irudishe kivulini. Wiki ya pili mpaka saa nne. Ya tatu mpaka saa tano. Ya nne jaribu mpaka saa saba na uiangalie kila jioni kwa makini, ukiona imepauka rudi nyuma wiki nzima, usione haya. Aina zenye manyoya au miiba mingi meupe huzoea haraka maana zimekuja na kivuli chao mwilini, ile ndefu yenye mvi kama mzee wa kijijini, nywele zile ndo neti yake. Zile za kijani laini zenye miiba michache huchukua muda mrefu zaidi.

Na usianze na mmea uliohamishiwa chungu jana. Mizizi iliyokatika hainywi, mmea usiokunywa unaungua mapema, upe wiki mbili tatu kivulini kwanza.

Mvua na hewa. Haikingi chochote, mvua yote ni yenu. Hewa ya kutosha.

Pesa na jasho. Pesa sifuri, jasho ndo lote. Mwezi mzima wa kubeba vyungu asubuhi na kuvirudisha, na ukisafiri katikati hesabu imevurugika. Kitu kilichonisaidia ni kuchora alama ya chaki kwenye chungu upande unaotazama mashariki, ili kila siku nikikirudisha nikiweke vile vile.

Inamfaa mwenye mimea michache, mwenye subira, anayeshinda nyumbani. Mwisho wake mpungate, zile za nguzo, na hata zile za mviringo zikishakuwa kubwa zinaweza kukaa jua la wazi mwaka mzima na zinakuwa nzuri kweli, miiba minene, rangi imeiva, nyingine zinatoa maua ambayo za kivulini hazijawahi kutoa. Kichwa chekundu na ile ya Krismasi usijaribu kabisa.

Sasa kwa hali yako

Umepanga chumba, una vyungu chini ya kumi: dirisha la mashariki au baraza, pazia jepesi kwa jua la jioni. Ukihama utahama navyo.

Umenunua jana na uko na hofu: usichague chochote leo. Iweke barazani kwenye mwanga bila jua la moja kwa moja wiki mbili, kisha anza ratiba ya kuzoesha. Na muulize muuzaji ilikuwa chini ya neti au wazi, jibu hilo linakuokolea mwezi.

Una kampaundi yako, mvua nyingi, mimea mingi: kama mfuko unaruhusu bati la rangi ya maziwa, au angavu na neti juu. Kama hauruhusu, neti ya 50 na urekebishe udongo, halafu msimu wa mvua zisogeze zile dhaifu barazani.

Uko kaskazini, Gulu, Lira, Arua, ambako kiangazi cha Desemba mpaka Machi ni kirefu na kikavu: neti inatosha, na wakati huo maji ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, mmea wenye kiu unaungua upesi. Dada yangu yuko Gulu, ametandaza tu neti ya 30 kati ya ukuta na mwembe, zake ni nzuri kuliko zangu. Karamoja vilevile.

Uko Kabale au Kisoro: usidanganywe na baridi, zoesha polepole, na usiku wa baridi udongo uwe mkavu.

Una mti wa majani madogo na huna pesa: tayari una kila kitu, sogeza vyungu upande wa mashariki wa mti leo jioni.

Unakaa mbali na nyumba siku nzima: acha kuzoesha kwa mkono, hutaweza, chagua kivuli kinachosimama chenyewe, yaani neti au mti.

Na kama imeshaungua tayari, itoe juani leo, usiimwagie maji mengi kwa huruma, usikate kovu likiwa kavu na gumu. Likate tu kama limekuwa laini, kwa kisu kisafi mpaka ufike kwenye nyama ya kijani, acha kidonda kikauke mahali pakavu siku kadhaa kabla ya kuumwagilia tena. Yangu ilikaa miezi minne bila kuongezeka hata kidogo, nikadhani imekufa, halafu mwezi wa saba nikaona pale katikati juu miiba mipya, ya njano kabisa.